Mnyororo Usio na Kibati Usinyanyue Kitu

Mji wa Kigali umekaa juu ya vilima na mabonde, na katika mji wa namna hii haipiti siku bila kitu kizito kunyanyuliwa. Katika gereji za Gatsata hunyanyuliwa injini za malori. Katika karakana za Gisozi hunyanyuliwa mageti na nguzo za chuma. Masoro, katika eneo la viwanda, husimikwa mashine. Masaka, kwenye kituo cha mizigo kilichofunguliwa mwaka 2019, hushushwa shehena zilizosafiri karibu kilomita 1,500 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Na barabarani, lori linapokosa breki mteremkoni na kupinduka, hunyanyuliwa gari lenyewe, na wakati mwingine chini yake yumo mtu.

Mara nyingi kinachotenganisha mzigo huo na mtu aliye karibu nao ni kitu kimoja tu: mnyororo, au cheni kama mafundi wetu wanavyouita. Katika toleo hili tumeona vema tueleze namna ya kuuchagua mnyororo wa kunyanyulia, namna ya kuutumia na namna ya kuutunza. Tunafanya hivyo kwa sababu kazi yetu hutufikisha mahali mnyororo ulipokwisha kukatika, na tungependa zaidi kufika kabla.

Kiangazi kilichopita tuliitwa katika gereji moja ya mji huu. Kwa heshima ya wahusika hatutaitaja. Injini ya lori ilikuwa imetolewa na kuning'inizwa. Kijana anayejifunza ufundi aliingiza mkono chini yake ili aweke gogo la kuikalia, na wakati huohuo injini ikaanguka. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono aliotarajia kuutumia maisha yake yote.

"Afande," mwenye gereji alituambia, "mnyororo huu ninao miaka kumi na miwili. Haujawahi kuniangusha."

"Pole sana, mzee wetu," tulimjibu. "Lakini umeandikwa kuwa unabeba kiasi gani?"

Aliugeuza mikononi, pingili baada ya pingili. Haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa mnyororo wa kufungia shehena juu ya lori, ulionunuliwa kwa wauza vyuma chakavu, na kwa kuwa ulikuwa mrefu mno, ulifupishwa kwa kuunganisha pingili mbili kwa bolti na nati. Bolti ndiyo iliyokatika. Pingili zenyewe zilikuwa bado nzima, na kwa hiyo mzee hakuelewa kwa nini tulimwambia kuwa hata hizo hazikufaa.

Si kila mnyororo ni wa kunyanyulia

Minyororo miwili yaweza kulingana unene, rangi na umbo, lakini nguvu zake zikatofautiana sana. Tofauti iko ndani ya chuma, na jicho haliwezi kuiona. Kwa sababu hiyo watengenezaji hupanga minyororo kwa madaraja. Minyororo ya kunyanyulia mizigo juu hutengenezwa kwa chuma maalumu kilichochanganywa na kupikwa kwa joto, na iliyozoeleka ni ya daraja la 80 na daraja la 100. Alama yake hugongwa juu ya baadhi ya pingili: 8 au 80, na 10 au 100.

Mnyororo wa kawaida wa dukani, ule wa kufungia geti au mbwa, ni wa madaraja ya chini na haufai hata kidogo kwa kazi hii. Wa kufungia shehena juu ya malori mara nyingi ni wa daraja la 70. Huo ni imara kwa kazi yake ya kubana mzigo usiteleze safarini, lakini haukutengenezwa ili uning'inize mzigo juu ya watu. Kuubadilishia kazi ndilo kosa tulilolikuta katika gereji ile, na ndilo tunalolikuta mara kwa mara kwingineko.

Ili msomaji apate picha: mnyororo wa daraja la 80 wenye unene wa milimita 8 unaruhusiwa kubeba tani 2 ukining'inia wima kwa mguu mmoja. Wa milimita 10 unaruhusiwa tani 3.15, na wa milimita 13 tani 5.3. Wa daraja la 100 wenye milimita 10 huruhusiwa tani 4.

Wengine husema kuwa watengenezaji huandika kidogo ili kujilinda, na kwamba mnyororo huweza mara nne ya kilichoandikwa. Ni kweli kwamba mnyororo mpya hutengenezwa ili usikatike kabla ya mara nne ya uzito huo. Lakini akiba hiyo si ya fundi kuitumia. Imewekwa kwa ajili ya mshituko wa ghafla, kwa ajili ya kuchakaa, na kwa ajili ya makosa tusiyoyaona. Mwenye kuitumia kila siku amebaki bila akiba siku anayoihitaji.

Kibati ni cheti cha mnyororo

Kila mnyororo halali wa kunyanyulia hubeba kibati cha chuma karibu na pete yake ya juu. Juu ya kibati hicho huandikwa mtengenezaji, daraja la chuma, unene, idadi ya miguu, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Dereva asiye na leseni hatumruhusu kuendesha, hata akituapia kuwa hajawahi kumgonga mtu. Vivyo hivyo, mnyororo uliopoteza kibati usinyanyue kitu, hata kama mwenyewe anauamini. Upelekwe kwa mtaalamu ili uchunguzwe na kuwekewa kibati kingine, au uondolewe kazini.

Kibati si cha kukisiwa. Asithubutu mtu kugonga namba zake mwenyewe juu ya kipande cha bati akakifunga kwa waya. Huo ni udanganyifu unaoweza kumuua mtu mwingine, na hatutauchukulia kama mzaha.

Uzito wa mzigo na mlalo wa miguu

Kabla ya kuchagua mnyororo, sharti ujue uzito wa mzigo. Injini ya lori kubwa huweza kuzidi tani 1. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4. Kontena tupu la futi 20 lina zaidi ya tani 2. Mahali pasipo na maandishi, piga hesabu, na ukiwa na shaka chukua makadirio ya juu.

Baada ya uzito huja jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni mlalo wa miguu ya mnyororo. Tuchukue boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40. Uzito wake ni kama tani 1.73. Tuinyanyue kwa mnyororo wa miguu miwili ya milimita 8, daraja la 80, huku vishikio viwili vikiwa umbali wa mita 3.

Miguu ikiwa na urefu wa mita 3 kila mmoja, kila mguu hubeba tani 1 hivi. Kazi ni salama. Sasa fundi aifupishe miguu hadi mita 1.73 kwa sababu dari ni fupi. Boriti ni ileile, lakini kila mguu sasa unavutwa kwa tani 1.73, sawa na uzito wa boriti nzima, na tumekaribia mwisho wa kibali. Akiifupisha tena hadi mita 1.55, miguu ikalala karibu na boriti, kila mmoja utavutwa kwa zaidi ya tani 3.3. Mnyororo ulioruhusiwa tani 2 umekwisha kupita kikomo chake, ingawa hakuna aliyeongeza hata kilo moja juu ya mzigo.

Kutokana na hesabu hii tunatoa kanuni ambayo kila fundi anaweza kuikumbuka bila kalamu: umbali kati ya vishikio usizidi urefu wa mguu mmoja. Miguu ikihitaji kulala zaidi ya hapo, soma kibati, kwa maana kibati cha miguu miwili huonyesha uzito tofauti kwa kila kiwango cha mlalo. Mguu ukiinama zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima, usinyanyue kabisa. Wala msomaji asidhani kuwa miguu minne hubeba mara nne ya mguu mmoja. Mzigo mgumu usiopindika huweza kuegemea miguu miwili tu huku mingine imelegea.

Mnyororo ukizungushwa mzigo na kujikaba kama kitanzi, uwezo wake hushuka hadi asilimia 80. Ukipita juu ya ukingo mkali wa chuma au zege, weka mbao au kitambaa kizito katikati, la sivyo pingili itapinda. Usiufunge fundo, usiusokote, wala usiufupishe kwa bolti. Vipo vifupisho maalumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mzigo ukae ndani kabisa ya tumbo la ndoano, usining'inie kwenye ncha yake, na kilimi cha usalama kifunge mdomo. Nyanyua polepole, kwa sababu mzigo unaovutwa kwa ghafla huwa mzito kuliko ulivyo.

Ukaguzi: mnyororo hutoa dalili

Mnyororo mwema hauvunjiki bila kutoa dalili. Shida ni kwamba dalili hizo hutolewa kimya kimya, na atakayeziona ni yule aliyezitafuta. Mtumiaji aukague kila siku kabla ya kazi, na mtaalamu auchunguze kwa kina angalau mara moja kila mwaka, na mara nyingi zaidi pale kazi inapokuwa nzito. Matokeo yaandikwe katika daftari lenye tarehe na saini.

Anza kwa kuusafisha, kwa sababu grisi na matope hufunika nyufa. Utandaze mahali penye mwanga na utazame pingili moja moja. Usiridhike na upande wa nje. Legeza mnyororo uone sehemu ya ndani, pale pingili inapokutana na mwenzake, kwa maana hapo ndipo chuma huliwa zaidi. Pima unene kwa kipimio mara mbili mahali palepale, mara moja kila upande, kisha uchukue wastani. Pingili ya milimita 10 iliyoliwa hadi milimita 9 imefika mwisho wa maisha yake, yaani imepoteza asilimia 10.

Tafuta pia pingili zilizovutika. Tundika miguu miwili sambamba. Ikiwa mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake, kuna siku ulibebeshwa kupita kiasi. Pingili zisizogeuka kwa urahisi ndani ya nyingine huwa zimevutika au zimepinda. Tazama nyufa, mikato mirefu, mashimo ya kutu na mabaki ya cheche za kuchomelea. Tazama ndoano: ikiwa mdomo wake umefunguka kuliko ulivyokuwa, au kilimi hakifungi, iondoe.

Pingili moja ikiwa na kasoro, mnyororo wote usimame. Fundi asiichomelee, kwa kuwa joto la kuchomelea huharibu ule upishi wa chuma tulioutaja mwanzo. Pingili itaonekana nzima, lakini nguvu zake zitakuwa zimepotea. Kwa sababu hiyohiyo, mnyororo wa daraja la 80 uliopata joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, kwa mfano uliopitiwa na moto wa karakana, usirudi kazini.

Matunzo yenyewe si magumu. Baada ya kazi ufute, uutundike mahali pakavu, na uupake mafuta kidogo mvua zinapokaribia. Usiuache ardhini ukakanyagwa na magurudumu. Usiuoshe kwa tindikali ili kuondoa kutu, wala usiupake zinki kwa kuuchovya, kwa kuwa kemikali hizo huweza kukifanya chuma kigumu hiki kipasuke kama kigae.

Kuhusu gharama

Mzee wa gereji alituuliza swali ambalo hatuwezi kulipita. "Afande, mnyororo mliousema ni ghali. Nikiutupa huu, vijana hawa watakula nini wiki hii?"

Swali hilo ni la haki. Tulimjibu kuwa gereji haihitaji minyororo mitano mibovu. Yahitaji mmoja mzuri unaolingana na kazi yake. Gereji jirani zaweza kuchangia mmoja, mradi daftari la ukaguzi liwe moja na mwenye kuutunza ajulikane. Ushirika waweza kununua kwa ajili ya wanachama wake. Nunueni kwa muuzaji anayetoa cheti cha mtengenezaji pamoja na risiti, na mhakikishe namba ya cheti ni ileile iliyo kwenye kibati. Isitoshe, Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi nchini mwetu inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake. Mkaguzi wa kazi yupo katika kila wilaya, na kumwomba ushauri kabla ya ajali ni nafuu kuliko kumwona baada yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunaongeza ombi moja ambalo ni letu hasa kama polisi. Mnyororo uliokataliwa msiuuze mzima kwa wauza vyuma chakavu. Ukateni vipande vifupi. Mnyororo mbovu ukitoka gereji moja ukiwa mzima, huoshwa, hupakwa rangi na kuingia gereji nyingine, na huko hakuna anayeijua historia yake. Hivyo ndivyo mzee yule alivyoupata wake.

Ajalini: msinyanyue kwa haraka

Tumalizie na jambo linalowagusa hata wasio mafundi. Gari linapopinduka, wananchi wetu hukimbilia kusaidia, na moyo huo tunauheshimu. Lakini kamba au mnyororo wowote uliovutwa kupita kiasi huhifadhi nguvu, na ukikatika hurudi nyuma kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa.

Majirani zetu wa Tanzania waliliona hili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwemo, 19 walifariki na 24 waliokolewa, wengi wao kwa ushujaa wa wavuvi. Kijana mvuvi aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufika alisimulia baadaye kuwa kamba iliyofungwa ili kuvuta mlango wa marubani ilikatika, ikampiga usoni na kumzimisha. Alizindukia hospitalini. Ushujaa wake haukuwa na dosari, kilichomwangusha ni kamba.

Kwa hiyo, mkifika kwenye ajali kabla yetu, zimeni injini ya gari kama inawezekana kwa usalama. Wekeni mawe au magogo ili gari lisiserereke zaidi. Msilinyanyue wala kulivuta kwa mnyororo wa kubahatisha, kwa sababu likinyanyuka nusu kisha likaanguka, aliye chini huumia mara ya pili. Anayetokwa na damu, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi na mzungumze naye. Gari letu la kunyanyulia likifika, rudini nyuma kwa umbali unaozidi urefu wa mnyororo uliokazwa, na asisimame mtu kwenye mstari wake wala chini ya mzigo. Tukiwaomba mrudi nyuma, hatuwafukuzi. Tunawalinda.

Tulirudi katika gereji ile baada ya miezi miwili. Mnyororo wa zamani ulikuwa umekatwa vipande, na mzee alikuwa ametundika ukutani mwingine wenye kibati, alioununua pamoja na majirani wawili. Kijana alikuwa amerudi pia. Bado anajifunza kushika spana kwa mkono wa kushoto. Mzee amempa kazi ya kutunza daftari la ukaguzi, naye hasaini ukurasa hadi azitazame pingili zote kwa macho yake.

Ndugu wasomaji, kesho asubuhi, kabla hamjanyanyua chochote, tafuteni kibati. Kikikosekana, kazi isubiri. Kwa dharura yoyote pigeni 112, kwa zimamoto na uokoaji 111, na kwa ajali za barabarani 113. Simu hizo hazina malipo, na zinapokelewa usiku na mchana.